Atomu na Matoleo Yake: Kwa Nini Wanasayansi Hubadilisha Kauli na Kwa Nini Bado Nawaamini

Leo tuweke kando habari za programu na seva, tuingie maabara.

Kuna hoja moja ninayokutana nayo kila ninapozungumza mambo ya sayansi na watu. Husemwa hivi: "Hao wanasayansi leo wanasema hivi, kesho vile. Shuleni tulifundishwa kwamba atomu ni kiini kilichozungukwa na elektroni kwenye miviringo. Waliofika chuo wakaambiwa miviringo hiyo haipo. Sasa tuamini lipi?"

Swali hilo ni zuri, tena ni zito, kwa sababu anayeliuliza haishii kwenye atomu. Kesho ataliuliza kuhusu chanjo, keshokutwa kuhusu dawa aliyoandikiwa na daktari. Kama kubadilika ni dalili ya uongo, basi sayansi nzima ni uongo, maana sayansi nzima hubadilika.

Mimi ni mtu wa programu, na katika kazi yetu kubadilika si aibu. Toleo la kwanza linatoka, watu wanalitumia, hitilafu inaonekana, linatoka la pili. Hakuna anayesema toleo la kwanza lilikuwa utapeli. Tunachouliza ni mambo mawili. Ni hitilafu gani iliyolazimisha toleo jipya? Na je, toleo jipya linaweza kufanya yote yaliyofanywa na lile la zamani? Nitaisimulia historia ya atomu kwa maswali hayo mawili, kisha tutamjibu ndugu yetu.

KABLA YA TOLEO LA KWANZA

Neno atomu asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kisichokatika. Karibu miaka 2,400 iliyopita Democritus wa mji wa Abdera alifundisha kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe zisizokatika zinazotembea katika utupu. Aristotle aliyekuja baadaye alikataa, na neno lake ndilo lililoshika kwa karne nyingi.

Huko Basra na Baghdad, karne ya 9, wanazuoni wa Kiislamu kama Abu al-Hudhayl nao walijadili kwa kina habari ya sehemu isiyogawanyika. Neno lao la sehemu ni juz', na ndilo hilo hilo lililotupa sisi juzuu.

Mbona basi siliiti hili toleo la kwanza? Kwa sababu hakukuwa na kipimo cha kuonyesha nani amekosea. Mfuasi wa Democritus na mfuasi wa Aristotle wangeweza kubishana mpaka jogoo awike, na asubuhi kila mmoja akarudi kwake na msimamo wake. Programu isiyoweza kujaribiwa haina hitilafu, lakini pia haina ushahidi kwamba inafanya kazi.

TOLEO LA 1: GOLOLI YA DALTON

Mtu aliyeileta atomu kwenye mizani ni John Dalton, mwalimu wa Manchester, Uingereza. Alianza kuorodhesha uzani wa atomu mwaka 1803, na 1808 akaanza kuchapisha kitabu chake kuhusu jambo hilo.

Hoja yake tuitazame kwa vipimo vya leo. Kaboni na oksijeni zikiungana zinaweza kutoa gesi mbili. Chukua gramu 12 za kaboni. Ukiiunganisha na gramu 16 za oksijeni unapata monoksidi ya kaboni, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Ukiiunganisha na gramu 32 unapata dioksidi ya kaboni, tunayoitoa tukipumua. Ni 16 au 32. Hakuna gesi ya gramu 20, wala ya 27.

Ni kama soda dukani. Utanunua chupa moja au mbili, lakini muuza duka hakufungulii ya pili akupimie robo. Dalton aliona kwamba kama vitu vinaungana kwa hesabu kamili namna hii, basi lazima viwe na vipande visivyogawanyika. Kila elementi ina atomu zake, zenye uzani wake. Kwake atomu ilikuwa kama gololi: ngumu, ndogo, haina kitu ndani.

Wanakemia waliitumia kwa faida kubwa, na mwaka 1869 Mendeleev akazipanga elementi katika jedwali kwa kutegemea uzani wa atomu. Hata hivyo wakubwa wengine waliendelea kusema kwamba atomu ni njia nzuri ya kufanya hesabu tu, wala hakuna kitu kama hicho. Ernst Mach wa Vienna alikuwa mmojawapo. Aliyepambana nao zaidi ni Ludwig Boltzmann, aliyeeleza joto na gesi kwa mwendo wa atomu. Boltzmann aliugua huzuni kali kwa miaka, na Septemba 1906 alijiua huko Duino karibu na Trieste.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, 1905, Einstein alikuwa ameonyesha kwamba chembe za vumbi zinazotikisika ovyo ndani ya maji zinasukumwa na molekuli, akatoa na hesabu ya kulipima jambo hilo. Kuanzia 1908 Mfaransa Jean Perrin alizipima chembe hizo kwa hadubini, na hesabu ikakubali. Wilhelm Ostwald, mmoja wa wapinzani wakuu, akakiri hadharani mwaka 1909 kwamba atomu zipo. Boltzmann hakuyaona hayo.

TOLEO LA 2: MKATE WA ZABIBU

Wakati watu wanabishana kama gololi ipo, mwingine tayari alikuwa ameipasua.

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alikuwa akichunguza miale inayopita ndani ya neli ya kioo iliyonyonywa hewa. Mnazikumbuka zile monita nzito zenye mgongo, zilizokuwa zikijaza meza nzima? Neli yake na hizo ni ukoo mmoja. Thomson alionyesha kwamba miale hiyo ni chembe zenye chaji hasi, na kwamba ukilinganisha chaji na uzani, chembe hizo ni nyepesi kuliko atomu yoyote. Leo tunajua elektroni moja ni nyepesi kuliko protoni mara 1,836 hivi. Tena alizipata zile zile hata alipobadilisha gesi na madini aliyotumia.

Hiyo ndiyo hitilafu ya toleo la 1. Gololi isiyokatika inatoa kipande, na kipande ni kile kile kwa kila elementi!

Thomson alitengeneza mfano mpya, akaukamilisha mwaka 1904. Atomu ni tufe la chaji chanya, na elektroni zimo ndani yake. Waingereza huulinganisha na pudini yao yenye zabibu kavu. Sisi tuseme mkate wa sinia uliotiwa zabibu: mkate wenyewe ni chaji chanya, zabibu ni elektroni. Wengi huucheka mfano huu leo. Lakini Thomson alijua elektroni zina chaji hasi na atomu nzima haina chaji, kwa hiyo lazima kuwe na chaji chanya ya kusawazisha. Hakuwa na kipimo chochote cha kumwambia imekaa wapi.

TOLEO LA 3: KASARANI NA PUNJE YA HINDI

Kipimo hicho kilitoka Manchester. Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amekwisha pata tuzo ya Nobel mwaka 1908. Pamoja naye walikuwepo Mjerumani Hans Geiger na kijana wa miaka 20 ambaye bado alikuwa mwanafunzi, Ernest Marsden.

Kazi waliyoianza 1909 ilikuwa ya kuchosha. Walichukua kitu kinachotoa mionzi, wakaelekeza chembe zake za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Kuzunguka hapo waliweka skrini iliyopakwa salfidi ya zinki, ambayo humetameta kidogo sana kila inapogongwa na chembe moja. Hakukuwa na tarakilishi ya kuhesabu. Walikaa gizani mpaka macho yazoee, kisha wakachungulia kwa hadubini na kuhesabu vimulimuli kimoja kimoja.

Kama atomu ni mkate, chembe ya alfa ingepenya kama risasi na kupinda kidogo tu. Nyingi zilifanya hivyo hasa. Lakini kwa dhahabu yenye unene wa sentimita 0.00004, takriban chembe 1 katika 20,000 ilipinda kwa nyuzi 90 hivi, na nyingine zilirudi zilikotoka. Rutherford baadaye alilinganisha mshangao wake na mtu aliyefyatua kombora la mzinga kwenye karatasi ya shashi, likarudi likampiga yeye mwenyewe.

Wenzangu wa programu, mara 1 katika 20,000! Kuna timu ngapi ambazo zingeifunga tiketi hiyo kwa kusema "haijirudii" na kuendelea na kazi nyingine?

Rutherford aliipigia hesabu, na mwaka 1911 akachapisha jibu. Karibu uzani wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo mno katikati. Udogo kiasi gani? Atomu ya dhahabu ni pana kuliko kiini chake mara 20,000 hivi. Kwa hiyo ukiitanua iwe na upana wa mita 200, kadiri ya uwanja mkubwa wa michezo kama Kasarani, kiini chake kitakuwa na upana wa sentimita moja, sawa na punje ya hindi katikati ya uwanja. Kwingine kote ni elektroni na utupu.

Hakuishia kwenye picha. Alitoa kanuni ya kutabiri ni chembe ngapi zitapinda kwa kila pembe. Geiger na Marsden wakarudi gizani, wakahesabu vimulimuli zaidi ya 100,000, na mwaka 1913 wakatangaza kwamba kanuni imekubali.

TOLEO LA 4: NGAZI ZA BOHR

Toleo la 3 lilizaliwa na hitilafu yake, tena ya kuua. Kwa fizikia ya wakati ule, elektroni inayozunguka lazima itoe mwanga, na ikitoa mwanga inapoteza nishati. Ukipiga hesabu, atomu ya Rutherford inapaswa kuporomoka kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kuisha. Wewe unayesoma hapa ni ushahidi kwamba haiporomoki.

Kulikuwa na kitendawili kingine kilichongoja kwa miaka. Gesi ya haidrojeni ikipitishiwa umeme hutoa mwanga wa rangi chache tu, kila moja na urefu wake wa wimbi. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu katika shule ya wasichana huko Basel, Uswisi, aligundua hesabu inayozizalisha. Washa kikokotoo chako ujaribu. Chukua n mraba, ugawe kwa n mraba kutoa 4, kisha uzidishe kwa 364.56. Ukiweka 3, 4, 5 na 6 mahali pa n, unapata 656.2, 486.1, 434.0 na 410.1. Hizo ni nanomita za mstari mwekundu, wa samawati na miwili ya zambarau, na tofauti na vipimo vya maabara ni sehemu ndogo tu ya nanomita moja. Kwa miaka karibu 30 kila mtu alijua kanuni hiyo inafanya kazi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Niels Bohr, Mdenmaki, alifika kwa Rutherford mwaka 1912. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 27 tu, alitoa jibu. Elektroni hairuhusiwi kukaa popote. Ina ngazi maalumu. Ikiwa kwenye ngazi haitoi mwanga, na ikiruka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini hutoa mwanga wa nishati sawa na tofauti ya ngazi hizo. Kutokana na chaji ya elektroni, uzani wake, na namba aliyoitoa Max Planck mwaka 1900, Bohr aliikokotoa kanuni ya Balmer.

Alfred Fowler wa London hakuridhika. Kulikuwa na mistari mingine ambayo Bohr alisema ni ya heliamu iliyopoteza elektroni moja, na kwa hesabu yake namba ya heliamu ilipaswa kuwa mara 4 ya ile ya haidrojeni. Fowler akasema vipimo vinatoa 4.0016, si 4. Mtu mwingine angesema "si ni karibu tu?" Bohr alirudi kwenye hesabu na kukumbuka kwamba kiini nacho hutikisika kidogo elektroni inapozunguka. Alipokiingiza hicho, akapata 4.00163. Hapo hata wenye shaka walianza kusikiliza.

Pale pale Manchester Henry Moseley alitumia miale ya eksirei mwaka 1913 kuonyesha kwamba nafasi ya elementi kwenye jedwali inatokana na chaji ya kiini chake, si uzani kama alivyotumia Mendeleev. Aliweza hata kuonyesha nafasi ambazo elementi zake zilikuwa bado hazijapatikana, mojawapo ikiwa namba 43. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alijiunga na jeshi, akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, umri miaka 27. Mimi nimo katika umri huo huo wa mwisho wa miaka ya ishirini, na kila nikisoma habari zake nakaa kimya kidogo. Geiger na Marsden nao walikuwa vitani, mmoja upande wa Wajerumani, mwingine upande wa Waingereza. Waliokuwa wakihesabu vimulimuli pamoja gizani!

TOLEO LA 5: WINGU

Toleo la Bohr liligonga mwamba kwenye elementi ya pili tu. Haidrojeni ina elektroni moja, heliamu ina mbili, na hapo hesabu zikakataa. Kufikia 1923 mabingwa walikuwa wamejaribu kila namna ya mizingo kwa heliamu bila kupata namba za maabara. Tena Bohr hakuweza kueleza vizuri kwa nini mistari mingine hung'aa kuliko mingine.

Mageuzi yalikuja haraka. Mwaka 1924 Louis de Broglie alipendekeza kwamba elektroni ina tabia ya wimbi. Mwaka 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, aliachana kabisa na mizingo akajenga hesabu kwa vitu vinavyopimika peke yake. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger aliandika mlinganyo wa wimbi la elektroni, na Max Born akaeleza kwamba wimbi hilo linatupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Kwa hiyo usiichore elektroni kama sayari njiani. Kinachochorwa ni wingu, zito pale ambapo uwezekano ni mkubwa, jepesi pale ulipo mdogo.

Ushahidi? Mwaka 1927 Davisson na Germer, katika maabara za Bell huko Marekani, walirusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli, zikatawanyika kama mawimbi. Mwaka huo huo George Thomson aliona jambo kama hilo huko Scotland. George ni mtoto wa J. J. Thomson. Baba alipata Nobel mwaka 1906 kwa kazi iliyoionyesha elektroni kuwa chembe, na mtoto mwaka 1937, pamoja na Davisson, kwa kuonyesha kwamba ni wimbi. Wote wawili walipima sawasawa.

Na ile heliamu? Mwaka 1929 Egil Hylleraas, Mnorwe, aliikokotoa kwa toleo jipya akitumia mashine ya hesabu ya mezani, hata kabla ya kuwepo tarakilishi kama tunazozijua. Jibu lake lilikaribiana mno na vipimo.

Sasa jambo ninalotaka mlishike. Sisi hatutoi toleo jipya mpaka lipite majaribio yote ya zamani, la sivyo wateja watatupigia simu usiku. Toleo la 5 lilipita yote. Mlinganyo wa Schrödinger kwa haidrojeni unatoa ngazi zile zile za Bohr, kwa hiyo rangi za Balmer ziko palepale. Kanuni ya Rutherford ya chembe zinazopinda, ukiikokotoa kwa hesabu za mawimbi, inatoka vile vile. Na atomu bado huungana kwa hesabu kamili, sasa tukijua sababu yake. Picha imebadilika kabisa, lakini hakuna namba hata moja iliyokuwa sahihi ambayo ilitupwa.

KIINI NACHO KINA MATOLEO

Kiini nacho hakikubaki punje tu. Mwaka 1932 James Chadwick aligundua nyutroni, na baadaye kukawa na mfano wa kukiona kiini kama tone la maji. Mwishoni mwa 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann, huko Berlin, waliipiga urani kwa nyutroni wakapata bariamu, elementi nyepesi zaidi sana. Lise Meitner, aliyekuwa amewakimbia Wanazi, na mpwa wake Otto Frisch walikaa Sweden wakaielewa kwa mfano wa tone: tone linatikisika, linarefuka, linakatika mara mbili, na kutoa nishati kubwa.

Hapo hadithi inafika kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Barua aliyotia saini Einstein tarehe 2 Agosti 1939 kwenda kwa Rais Roosevelt ilitaja kwamba chanzo muhimu zaidi cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mgodi wenyewe ni Shinkolobwe, katika eneo la Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya watu mpaka leo. Urani nyingi ya mradi wa bomu wa Marekani ilichimbwa huko, na tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikateketea. Anayedhani mifano ya atomu ni michoro ya vitabuni ya kubadilishwa kwa starehe, aikumbuke siku hiyo. Mfano ulikuwa sahihi kiasi cha kutisha.

TOLEO LA 5 LIKO MFUKONI MWAKO

Tuje kwenye mambo yetu. Desemba 1947, katika maabara zile zile za Bell, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi la William Shockley, walitengeneza transista ya kwanza. Wangeifikiaje kwa gololi ya Dalton au mizingo ya Bohr? Elewa silikoni: kati ya elektroni zilizofungwa na zile zilizo huru kutembea kuna pengo la nishati, elektronivolti 1.1 hivi. Pengo hilo linatokana na mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele. Chipu ya M1 ya Apple, iliyotoka 2020, ina transista bilioni 16, na kila moja inategemea pengo hilo.

Wahandisi walikutana na wimbi hilo ana kwa ana. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, kihami ndani ya transista kilikuwa kimepunguzwa mpaka unene wa nanomita 1.2, yaani tabaka chache tu za atomu. Elektroni zikaanza kupenya kihami kana kwamba hakipo, umeme ukawa unavuja. Kwa mizingo ya Bohr huwezi kuueleza uvujaji huo. Kwa wingu unaeleweka mara moja, maana ncha ya wingu inafika upande wa pili. Mwaka 2007 Intel walibadilisha kihami, wakatumia mchanganyiko wenye hafniamu ulioweza kuwa mnene zaidi.

SASA TUMJIBU NDUGU YETU

Tuamini lipi? Jibu langu ni kwamba uliza kila mfano mwisho wake uko wapi. Mwanafunzi anayeandika 2.8.1 kwa sodiamu hajadanganywa. Mpangilio huo unamwambia kwa nini sodiamu hutoa elektroni moja na klorini huipokea, tukapata chumvi. Mwalimu angefanya vyema kuongeza sentensi moja: "Mviringo huu ni wa kutusaidia kuhesabu, elektroni haipiti njia hiyo." Sentensi hiyo haigharimu kitu, na ingepunguza sana wanaokua wakiamini kwamba walidanganywa.

Pia tazama aliyebadilisha alibadilisha kwa nini. Wa atomu hawakubadilisha kwa sababu ya fasheni wala amri ya mkubwa. Walisukumwa na namba: 1 katika 20,000, 4.0016, heliamu iliyokataa. Anayebadilisha kauli bila kukuonyesha namba iliyomlazimisha, huyo mtilie shaka. Na asiyebadilisha kamwe, hata namba zikimkatalia, mtilie shaka zaidi.

Kazi inaendelea. Mwaka 2010 wapimaji huko Uswisi walipata kwamba protoni ni ndogo kuliko ilivyoandikwa vitabuni, femtomita 0.84 badala ya 0.88. Ilizua mjadala wa miaka, na vipimo vingine, kikiwemo cha Marekani cha 2019, vikaelekea upande wa 0.84. Tofauti ya asilimia nne katika kitu ambacho hakuna atakayekiona kwa macho, na watu wazima hawakulala!

Watu wa namna hiyo mimi nawaamini kuliko anayeniambia ana jibu lisilobadilika.

Haya, kwa leo naishia hapo. Mwenye swali aulize, na mwenye kikokotoo aijaribu kanuni ya Balmer kwa n = 7, kisha aseme kama jicho lake lingeuona mstari huo. Kwaherini.